Moyo wa Mama Kwenye Simu Yako

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, wewe na wifi yangu, pamoja na huyo mgeni mnayemsubiri, ambaye nasikia siku hizi anampiga mama yake mateke kana kwamba anadaiwa nafasi humo ndani. Natumaini maneno haya yatawakuta wazima. Sisi wasafiri hatujambo. Mama hajambo. Narudia kwa makusudi, kwa sababu nakujua: ukiuona mwandiko wangu macho yatakimbilia chini kutafuta habari mbaya. Mama hajambo. Anakula, analala, na hivi ninavyoandika amekaa pembeni yangu anamenya chungwa. Kwa hiyo soma taratibu, kama mtu asiyefukuzwa.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua zama hizi za kutumiana sauti. Sababu utaiona mbele ya safari. Karatasi ni ya meli, kalamu ni ya meli, na nikimaliza nitazipiga picha kurasa zote nikutumie, maana tukiitegemea posta tutafika nyumbani sisi kabla yake.

Jumbe zako zote nimezipata. Ile ya kusema kwamba saa uliyomnunulia Mama inakuletea taarifa kila alasiri kwamba moyo wake unaenda mbio. Ile ya kusema umeonyesha michoro yake kwa daktari unayemfahamu, naye akakunja uso. Na hii ya jana ambayo haikuwa ujumbe, ilikuwa amri: tushuke bandari ijayo, hospitali umeshaipata, tiketi za ndege umeshaziulizia. Sikukujibu, na najua umenuna. Sikuwa na jibu la mstari mmoja.

Nikianza na safari yenyewe, unakumbuka nilipozishinda tiketi hizi kwenye bahati nasibu ya duka la makochi, wewe ndiye uliyecheka ukasema niziuze, kwa sababu Mama na maji ni paka na mbwa. Nami niliamini hivyo. Sisi ni watoto tuliooga kwa kata, maji ya beseni yakifunika visigino tu, mlango ukiwa wazi na Mama amesimama kizingitini. Shule ilipopeleka wenzetu ziwani, sisi tulibaki na homa ambayo Mama ndiye aliyekuwa akiiugua. Na siku uliyorudi na suruali imelowa kwa kucheza mtaroni, ulichapwa kipigo ambacho mpaka leo hakijalingana na kosa. Basi nilipomtajia meli nilitarajia kutolewa nje na ufagio. Badala yake aliniuliza tunaondoka lini. Nikamwambia Mama, ni baharini. Akasema amesikia, na kwamba meli ni nyumba yenye injini, mtu hata unyayo haulowi. Nilifurahi sana hata sikuuliza zaidi.

Ndugu yangu, hii meli ni mji. Na ni mji wenye akili kuliko sisi. Siku ya kupanda, kila mtu alivishwa bangili laini ya mpira. Bangili hiyo ndiyo ufunguo wa chumba, ndiyo inayoagiza chai, ndiyo inayokujulisha jamaa yako yuko wapi: ukiigusisha kwenye skrini zilizo kando ya lifti, inakuonyesha ramani ya meli na nukta ya kijani inayotembea, na nukta hiyo ni mtu wako. Mama aligeuza mkono wake akautazama, akasema miaka yote aliyofanya kazi ya udobi hospitalini alikuwa akizitia shuka alama zisipotee, leo na yeye ametiwa alama.

Watoto wanavishwa za njano. Mtoto akitoka eneo lake, ya mzazi wake inatetemeka mkononi. Mama alipoliona hilo alisimama pale mezani asiondoke. Akamuuliza binti aliyekuwa akizifunga kama haijawahi kukosea. Akamuuliza inachukua muda gani mpaka mzazi ajue. Binti akajibu kwa adabu, Mama akauliza tena lile lile kwa maneno mengine, na foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa. Nikamshika kiwiko. Nilidhani ni maneno ya bibi mtarajiwa.

Chumbani nako kuna sauti inayoishi ukutani. Unaiambia izime taa, inazima. Unaiuliza hali ya hewa, inakujibu. Ila Mama hawezi kumtuma mtu kazi kabla hajamsalimu. Utamsikia: "Habari za saa hizi, mwanangu? Pole na kazi. Ukipata nafasi utuzimie taa." Sauti inajibu kwamba haijaelewa. Mama ananiambia huyu kijana kachoka, tusimsumbue, anainuka anazima mwenyewe.

Mezani tumepangwa na mzee mmoja mjane, fundi redio mstaafu. Tumempa jina la Bwana Kitufe, kwa kuwa hapiti kitufe asikibonyeze. Chakula cha kwanza tu alibonyeza kitufe cha dharura akidhani ni cha feni, wakatujia wahudumu mbio wakiuliza nani amezidiwa. Ni mcheshi, na ni msafi. Mama alimpenda kwa sababu anakunja kitambaa chake cha mezani kwa mistari iliyonyooka. Utamwona Mama kila baada ya chakula cha mchana anasema anakwenda kupumzika ukumbi wa juu wenye kivuli, na Bwana Kitufe naye, kwa bahati, anakwenda kupumzika huko huko.

Hapo ndipo jumbe zako zilipoanza.

Usidhani nilizipuuza. Nilimpeleka Mama kwa daktari wa meli siku ile ile. Walimbandika nyaya kifuani, wakamtembeza kwenye mkanda wa mashine unaozunguka, wakamtoa damu. Daktari, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akasema moyo wa mama yetu ni moyo wa mtu aliyenyanyua shuka mbichi maisha yake yote, na yeye mwenyewe angependa kuwa nao. Kisha akaitazama ile michoro ya saa, akauliza Mama hufanya nini alasiri. Mama akasema anapumzika. Daktari akasema basi hayo ni mapumziko ya mbio. Mama akaangalia dirishani.

Nitakueleza ukweli wa nilichokifikiria, nawe usicheke. Nilifikiri ni Bwana Kitufe. Nilirudi chumbani nikikupangia maneno ya kukuambia kwamba mama yetu, na umri ule, amepata mchumba. Nilikasirika kidogo kwa niaba ya Baba, Mungu amrehemu, halafu nikaona haya kwa kukasirika, halafu nikaanza kujiuliza nitavaa nini.

Alasiri ya juzi nikagusisha bangili kwenye skrini ya lifti. Nukta ya Mama haikuwa kwenye ukumbi wa kivuli. Ilikuwa sitaha ya juu kabisa, kwenye bwawa la kuogelea. Nilitazama nikidhani mashine imekosea. Nukta ilikuwa katikati ya ile rangi ya bluu. Sikungoja lifti.

Nilipotokea juu, wa kwanza kumwona alikuwa Bwana Kitufe, ameketi ukingoni na suruali ameikunja, kashika taulo la Mama na miwani ya Mama kama mtu aliyekabidhiwa mali ya serikali. Na majini, maji yakimfika kifuani, alikuwa Mama. Amevaa vazi jeusi la mikono mirefu na kofia ya mpira. Mkono mmoja ameng'ang'ania bomba la pembeni, mwingine umeshikwa na mwalimu wa kuogelea, msichana ambaye ningeweza kumzaa. Alikuwa anatetemeka, mdogo wangu. Saa yako mkononi mwake ilikuwa inawaka nyekundu.

Nikaita. Nikataka kuingia na viatu. Mama akanitazama bila kushtuka, kana kwamba alijua nitakuja, akasema, "Usinishike. Niache nimalize."

Akaliachia bomba. Alikwenda kama mtoto anayeanza kutembea, akirusha miguu hovyo, uso ndani ya maji, kutoka ukutani mpaka kwenye mikono ya yule msichana. Hata kitanda cha chumbani kwetu ni kirefu kuliko alikofika. Alipoinua kichwa alikuwa analia na kukohoa kwa pamoja. Bwana Kitufe alisimama, akanipa mimi taulo na miwani, akaondoka.

Mwalimu alinieleza baadaye yalivyoanza. Chini ya bwawa kuna vifaa vinavyotambua mtu aliyetulia majini kupita kiasi, na king'ora kinalia. Mama alikuwa akija kukaa ukingoni, akamuuliza habari za hicho kifaa. Akauliza kikilia, nani anakuja. Msichana akasema, "Mimi." Mama akauliza, "Na kama anayekisikia hajui kuogelea?" Msichana akamwambia hapa hawekwi mtu asiyejua. Mama akamwambia, "Basi nifundishe."

Sasa mdogo wangu, kama umesimama, kaa. Kama wifi yuko karibu, mwite akae nawe, ila ushike mkono wake, usimwachie asome peke yake.

Tulikaa kwenye viti vya jua, Mama amejifunga taulo mpaka shingoni, akaniambia haya akiwa anaangalia mikono yake. Kabla yangu mimi, kulikuwa na mtoto mwingine. Msichana. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusema sentensi nzima. Mama alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba waliyopanga wakati huo, katika mji ambao wewe na mimi hatujawahi kuujua, na jirani alikuwa amechimba msingi, mvua ikaujaza. Mama aligeuka kuchukua kibanio, alipogeuka tena hakuna mtoto. Alikimbia. Aliliona gauni. Alishuka hatua moja, ardhi ikapotea chini yake, maji yakamfika kifuani, na miguu ikakataa. Ndivyo alivyosema: "Miguu yangu ilikataa, mwanangu. Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyo karibu na wewe sasa." Alirudi ukingoni akapiga kelele. Mwashi mmoja alikuja akajitosa akamtoa, lakini alikuwa amechelewa.

Walihama. Baba akasema wakijaliwa watoto wengine wasiwarithishe kilio, na wakakubaliana kutolitaja. Mama anasema Baba alikuwa mwepesi wa kushika ahadi mchana, ila usingizini alikuwa akiliita jina la yule mtoto. Mama alikuwa akinyamaza tu gizani, amwache aite.

Ndiyo maana ya kata na beseni. Na kipigo cha mtaroni, amesema nikwambie, siku ile hakuwa anakupiga wewe. Alikuwa anayapiga maji.

Nilimuuliza kwa nini sasa. Akasema ni kwa sababu ya huyo mnayemsubiri. Amesema ametulea sisi kwa hofu, akatufanya watu wazima wasiojua kuelea, na hataki mjukuu wake naye aogeshwe na bibi anayetetemeka. Aliposikia meli, alijua huku kutakuwa na bwawa, kutakuwa na mtu wa kumfundisha, na hakutakuwa na jirani wa kumshangaa. Moyo unaouona kwenye simu yako si mgonjwa. Ni moyo wa mtu anayeshuka kila siku katika lile shimo, na kila siku anatoka.

Hivyo usituletee tiketi za ndege. Hatushuki. Daktari wa meli ameongezwa kwenye siri, naye alasiri huja kusimama pale kwenye kivuli. Leo Mama alitoka ukuta mpaka ukuta kwa upande mfupi, na Bwana Kitufe alipiga makofi mpaka mwalimu akamkataza. Kuhusu huyo mzee, nilimuuliza Mama waziwazi. Akasema ni mtu mzuri wa kushikia miwani, na yatakayokuja tutayajua yakija. Alisema hivyo akitabasamu, na sikumchimba.

Mama alitaka kukupigia simu akueleze mwenyewe, akajaribu, akashindwa kabla hujapokea. Ndipo akaniomba niandike. Lakini jina la mtoto yule sitaliandika hapa. Ameninong'oneza mara moja, na nimelirudia kimoyomoyo tangu juzi. Anataka alitamke yeye, mbele yako, kwa sauti yake, akishafika. Ukija kutupokea bandarini usimuulize lolote. Mbebee begi, mpeleke nyumbani, mpe kiti karibu na wifi. Ataanza mwenyewe. Akianza, usimkatize hata akinyamaza katikati.

Nami niliyejiita kifungua mimba tangu nipate akili, niliyekutawala kwa cheo hicho na kukunyang'anya upande mzuri wa kitanda, nimekuwa nikitembea humu melini nikijaribu kujizoesha. Si vibaya. Ni kama kuambiwa kuna chumba kingine ndani ya nyumba uliyokulia, na kwamba kulikuwa na mtu humo, akikupenda bila kukujua.

Msalimie wifi yangu sana, umwambie anyooshe miguu juu ya mto alasiri. Wasalimie majirani wote wanaotuulizia. Mama anasema amekusalimu, na kwamba kesho saa ikikuletea taarifa tena, usiogope, umwombee tu.

Wako akupendaye daima,

Dada yako, wa katikati.