Kustaafu kwa Bi Mkubwa

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Ipokee ukiwa umekaa kitako, maana barua hii ni ndefu kuliko simu zangu zote za mwaka huu zikiunganishwa. Mgongo unasemaje? Mama ameniambia kwamba juzi ulipanda kuziba bati, na alipouliza nani anakanyaga paa ukanyamaza ili adhani ni paka. Baba, waachie paa vijana. Sisi huku ni wazima. Wajukuu zako wanakula mpaka sufuria inaomba radhi, na baba yao anakuamkia.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hukasirika haraka, nami hulia haraka, basi hatufiki popote.

Mji ulivyouacha miaka saba iliyopita, leo ungepotea ndani yake. Pale palipokuwa na mashine moja ya kusaga sasa zipo tisa. Barabara ya stendi imejaa wachomeleaji wa mageti, kimejengwa kiwanda cha barafu, hospitali imeongezwa wodi mbili, na kila nyumba ina friji au inadunduliza kupata friji. Umeme wenyewe ukabaki ule ule wa mitambo yetu mitatu, yaani Bi Mkubwa wako na wadogo zake wawili. Mama bado anasema alipoolewa hakuambiwa kwamba ana mke mwenza wa chuma, anayenguruma na kunywa dizeli.

Mahitaji yalipopita uwezo wa mitambo kwa theluthi nzima, tukaingia kwenye mgao. Ofisi ya umeme ikanituma nizunguke na daftari, nijue nani anatumia umeme kiasi gani na saa ngapi. Nilizunguka miezi mitatu mpaka viatu vikafunguka midomo. Mwenye mashine tatu za unga karibu na soko, ambaye mji mzima unamwita Mama Unga, aliniambia hajui tena asubuhi ni saa ngapi, kwake asubuhi ni pale umeme unaporudi, hata kama ni saa kumi jioni. Hospitalini, muuguzi wa wodi ya wazazi alinionyesha jinsi wanavyowatunza watoto njiti umeme ukikatika mchana. Anawazungushia chupa za maji ya moto, anazibadilisha kila baada ya dakika ishirini, huku amemshika mtoto mguu kusikia kama unapoa. Nilisimama pale nikashindwa kuandika.

Ndipo ikaandikwa ile ripoti. Ilisema paneli za sola zitandazwe kwenye uwanja mtupu nyuma ya kituo cha umeme, yaletwe makontena mawili ya betri, na wenye mashine kubwa wakubaliane kufanya kazi jua linapowaka sana, ili umeme wa betri ubakizwe kwa ajili ya watu wa majumbani jioni. Mitambo miwili midogo ibaki ya akiba. Bi Mkubwa astaafu.

Wewe habari zilikufikia kabla wino haujakauka. Ulinipigia ukasema dawa ni kuleta Bi Mkubwa wa pili, kwamba jua nalo lina saa zake za kulala, na kwamba anayeita betri mtambo hajawahi kushika spana. Ukaniagiza nikuulizie makao makuu jina la huyo aliyeandika, upate kumwambia mawili matatu. Nikajibu nitauliza, kisha nikasingizia mtandao unakata.

Basi kazi ikaanza. Kufunga paneli haikuwa shida. Shida ilikuwa watu. Tuliwaita wenye mashine kwenye bwalo la kituo, na kwa saa nzima hakuna aliyemsikia mwenzake. Mwenye kiwanda cha barafu alisema hapangiwi saa na serikali wala na mkewe. Mchomeleaji mmoja akauliza kama jua likiumwa watampa cheti cha daktari. Watu wakacheka, nikaona kikao kinaniponyoka. Mama Unga ndiye aliyesimama. Akasema: "Nimepangiwa saa na mgao miaka minne, tena bila kuulizwa. Leo nimeulizwa. Mimi nasaga saa nne mpaka saa tisa, na asiyetaka asije kwangu kulalamika." Akakaa. Baada ya hapo wakaja mmoja mmoja kuandikisha saa zao.

Tuliwasha wiki tatu zilizopita. Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri mno, nami nikaanza kutembea kama bwana harusi. Siku ya tatu, saa sita mchana, wingu likafunga mbingu yote. Umeme wa sola ukashuka mpaka sehemu moja ya tano, na mashine zote tisa zinasaga, kama nilivyowaagiza mimi mwenyewe. Betri zikawa zinateremka machoni petu. Msimamizi wa zamu, yule uliyemfundisha kazi, akawasha mitambo miwili ya akiba, bado haikutosha. Akanitazama, akauliza kama amwamshe Bi Mkubwa. Baba, nakuambia ukweli, mdomo ulishafunguka kusema ndiyo.

Badala yake nikampigia Mama Unga. Nikamweleza kwamba wodi ya wazazi iko kwenye laini ile ile. Hakuniuliza swali la pili. Alizima mashine zake tatu, akatoka na vumbi la unga kichwani, akaingia kwa jirani mmoja hadi mwingine. Ndani ya robo saa saba kati ya tisa zilikuwa kimya, na mwenye barafu naye alikuwa amezima. Saa kumi wingu likapasuka. Jioni ile taa ziliwaka nyumba zote, na muuguzi aliponipigia, alinipigia kuulizia habari za watoto wangu tu. Hakujua kama kulikuwa na jambo. Nilifurahi hivyo kuliko kama angenishukuru.

Tangu siku hiyo hatujakata umeme hata mara moja. Mama Unga ameanza kulala mapema, anasema hata mumewe amemzoea upya.

Sasa, Baba, ulinituma niulize jina. Nimeuliza. Aliyeandika ile ripoti ni mimi.

Na si hilo tu. Ushahidi niliutoa kwako. Stoo ya kituo ina daftari zako za zamu, za miaka kumi na tisa, nami nilizisoma zote sakafuni, moja baada ya nyingine. Uliandika kila siku Bi Mkubwa aliyokataa kuwaka, kila lita aliyozidisha, kila kipuri ulichokichonga mwenyewe kwa kuwa dukani hakipo tena. Kwenye ukurasa mmoja uliandika: "Mafuta yamevuja. Nati niliikaza mimi, sikuikaza vizuri. Kosa langu." Ungetaka kuyaficha maradhi ya Bi Mkubwa, ungeyaficha, na mimi nisingekuwa na la kusema. Nilichukua ukweli wako nikamfungia nao mtambo ulioupenda, halafu nikaogopa kukuambia. Nisamehe kwa huko kuogopa. Kwa ripoti yenyewe siombi msamaha, kwa sababu wewe ulinifundisha kuandika kilichopo. Ukurasa wa kwanza unasema imeandaliwa kutokana na kumbukumbu za fundi mkuu wa zamu, na jina lako liko juu ya langu.

Jambo la mwisho. Bi Mkubwa anazimwa rasmi Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Watamwasha kwa mara ya mwisho, angurume kidogo, kisha atanyamazishwa. Msimamizi wa zamu amekataa kuigusa ile swichi, anasema mwenye Bi Mkubwa bado yupo hai, yaani wewe. Usipotaka kuja nitaelewa, na sitakupigia kukusumbua. Lakini getini nimeshawaambia utakuja na Mama.

Mwambie Mama namkumbatia, na majirani wote wasikose salamu zangu. Mungu akutunze, na akushushe salama kutoka kwenye hilo paa.

Ni mimi, kitindamimba wako,
anayesubiri hasira zako kwa heshima zote