Mfuniko Niliosema Umelowa

Kaka yangu uliye ng'ambo,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana hali yako nimeletewa mpaka mlangoni, na ndiyo iliyonikalisha chini niandike. Mama Amisa, jirani yetu wa hapa Rusimbi anayevuka ziwa kwenda Baraka kuchukua vitenge, amerudi juzi akasema amekuona mwaloni unabeba magunia. Wewe, fundi wa mifuniko! Anasema alikuuliza mbona siku hizi hushiki bisibisi, ukamjibu, "Mimi nilimvunja mtu mkono. Kazi ile niliiacha." Alinisimulia huku anapepeta mchele.

Barua hii siifungi. Mama Amisa atakayeibeba aisome, na akifika huko akusomee kwa sauti mbele ya hao unaobeba nao magunia, kwa kuwa najua nao wamesikia habari ya ule mkono.

Nilikuja kwenye banda lako la Bangwe nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nikidhani nitakaa wiki mbili tu. Siku ya kwanza uliniwekea mkononi shokapu ya gesi, lile bomba jembamba lenye fimbo ya chuma inayoingia na kutoka, ukaniambia niikandamize fimbo mpaka iishe ndani. Nilikandamiza kwa mikono, nikakandamiza kwa goti, mwisho nikailalia kwa kifua, na wewe unacheka mpaka machozi yanakutoka. "Sasa umeielewa," ukasema. "Hiki kitu kimefungiwa gesi ndani, muda wote kinataka kutoka. Kazi yetu ni kukitafutia mzigo unaokifaa."

Unamkumbuka yule bwana muuza samaki wa migebuka aliyekuja na shokapu za mlango wa nyuma wa gari, anataka zifungwe kwenye sanduku lake la barafu? Ulimkatalia. "Mzee wangu, hizi zinainua mlango wa chuma na kioo. Hilo sanduku lako zitalirusha." Akatuona wajuaji, akaenda kufunga mwenyewe. Kesho yake alipofungua komeo mfuniko ulimpiga kidevuni na kofia yake ikaenda kuelea ziwani, watu wa mwaloni wakapata cha kucheka mwezi mzima. Wewe hukucheka. Ulimwita, ukamfungia nyingine, wala hukumkumbusha.

Nilijifunza kwako yote ninayoyajua. Kwamba shokapu ikiuzidi nguvu mfuniko itang'oa bawaba, na ikizidiwa itamwangusha mtu. Kwamba fimbo iangalie chini mfuniko ukiwa umefungwa, ili mafuta kidogo yaliyomo yailainishe sili, ule mpira unaoziba mdomo wa bomba, isivuje gesi. Kwamba shokapu haishiki ncha ya mfuniko, inashika karibu na bawaba, kwa hiyo lazima isukume kwa nguvu kuliko uzito wenyewe. Ulikuwa unachora kwenye daftari, unapima toka bawaba mpaka katikati ya mfuniko, unagawa kwa shokapu mbili, kisha unatafuta ile namba iliyogongwa kwenye bomba. Na kulikuwa na jambo moja la banda letu ambalo mafundi wengine walikuwa hawalifanyi: mfuniko wa boti haukupimwa mkavu, maana mbao ikishakunywa maji huongezeka uzito. Tuliuzamisha pale kwenye maji ya magotini, tukaukandamiza kwa mawe, ukalala humo siku mbili, ndipo ukatundikwa kwenye mizani ya samaki. Walitucheka sana. Walituita wabatizaji wa mbao.

Kisha ikaja ile boti ambayo Mzee Sadiki ndiye fundi injini wake. Ulipima shimo la injini, ukaunda mfuniko wa mbao nene, ukaupaka rangi, halafu ukasafiri kwenda Kasulu kutafuta mbao nyingine. Uliniachia kazi moja. Niuzamishe siku mbili, nikae karibu mawimbi yasiuchukue, kisha niupime.

Na Katubuka kulikuwa na harusi ya rafiki yangu.

Niliupima mkavu, kaka. Niliupima mkavu nikaandika kilo kwenye daftari lako, nikaenda kucheza ngoma. Asubuhi uliporudi niliuwahi na kuumwagia ndoo mbili za maji ili uonekane umetoka ziwani. Uliushika, ukaona vidole vimelowa. "Umelala siku mbili?" ukauliza. "Siku mbili, kaka," nikajibu. Ukapiga hesabu zako kwa kilo zangu, ukafunga shokapu.

Wiki ya nne, mvua na mawimbi yalikuwa yameshaingia kwenye zile mbao. Mzee Sadiki aliinama shimoni kukaza mkanda wa injini, mkono mmoja umeshika ukingo, shokapu zikazidiwa na mfuniko ukamwangukia. Alibanwa pale mpaka wenzake walipomsikia. Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika na haujanyooka hadi leo.

Unajua yaliyofuata, ila kuna nusu huijui. Siku tatu ulikaa bandani na lile daftari, unahesabu, unafuta, unahesabu tena. Siku ya tatu ulinyanyua uso ukaniuliza taratibu, wala hukuwa na hasira, "Mdogo wangu, una hakika ule mfuniko ulilowa?" Nikasema ndiyo. Lile la kwanza lilikuwa uvivu na utoto, naweza hata kulitafutia maneno. Hili la pili sina jina la kulipa. Nilikuona unazama mbele yangu nikakusukumia kichwa chini. Na boti iliporudi Bangwe nilikwenda kwa siri nikaung'oa ule mfuniko na kuupima. Ulikuwa umeongezeka kilo saba. Wakati huo wewe ulikuwa umeshavuka bila kuaga.

Miaka mitatu sasa. Mzee Sadiki akinikuta mwaloni namwamkia, ananipa mkono wa kushoto, kisha anawaambia watu, "Mifuniko mpelekeeni huyu binti. Kaka yake alikuwa mzembe, huyu ana macho." Wateja wananijia kwa neno lake. Na kweli nimekuwa makini kupita kiasi: nazamisha siku nne badala ya mbili, na juzi nilizamisha mfuniko wa kabati la nguo ambalo halitatoka chumbani maisha yake yote. Mwenye kabati alidhani nimerukwa na akili.

Nimenaswa, kaka. Kila sifa wanayonipa inanibana zaidi. Nikiacha kazi nitaulizwa sababu, na nikiendelea ninakula jina lako kila siku. Mara mbili nimemfuata Mzee Sadiki nimejiandaa kusema, mara zote mbili nimeishia kumwuliza injini inaendeleaje. Mama naye, kwa aibu ya ule mkono, akiulizwa ana watoto wangapi, alikuwa anajibu mmoja. Nimekaa naye meza moja miaka mitatu nikiwa huyo mmoja, natafuna, nameza, natoa vyombo.

Nilikuwa najifariji kwamba wewe huko umeshajua, kwamba umekaa ukawaza ukaniona. Mama Amisa ameninyang'anya hata hilo. Kumbe huko uliko bado unaamini ni wewe.

Leo asubuhi nimemwambia mama. Alikuwa anachambua maharage uani. Nikamwamkia kwa lugha ya kwetu, "Bwakeye, mama," akaitikia, nikakaa chini nikayasema yote, harusi, ndoo mbili, na lile swali lako la siku ya tatu. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Nilitamani anipige. Kuku walianza kudonoa maharage na hakuwafukuza.

"Kwa hiyo nimemkana mwana wanje, mwanangu, bure," akasema.

Aliingia ndani, akatoka amevaa kitenge chake cha kwendea misibani, akasimama mlangoni. "Inuka. Twende Bangwe ukamwambie Mzee Sadiki kwa mdomo wako. Na uongee kwa nguvu, wote walioko pale wasikie kama walivyosikia ya kaka yako."

Nimemwomba anipe muda nimalizie barua, na hata sasa yupo hapo mlangoni, hakai. Nilidhani nikishasema nitapumua. Bado sijapumua. Naogopa uso wa yule mzee, naogopa mwaloni mzima, na huenda kuanzia kesho hakuna atakayeniletea hata mfuniko wa sanduku la barafu. Sikuombi unisamehe leo. Hata kurudi sikuombi, hayo utapanga mwenyewe, ingawa mama ameniagiza niandike kwamba kitanda chako atakitandika leo.

Daftari lako ninalo. Nimeirudia ile hesabu mara nyingi kuliko ulivyoirudia wewe, na haina kosa hata moja. Wewe ulipewa kilo za uongo, na mwenye kukupa alikuwa mtu uliyeona hana haja ya kuhakikiwa. Weka hilo gunia chini, kaka, usikilize vizuri hapa, na Mama Amisa akurudie mara mbili kama hujasikia. Mkono wa Mzee Sadiki hukuuvunja wewe. Hilo kosa ulilovuka nalo ziwa si lako, ni langu. Nirudishie.

Mdogo wako,
yule uliyemwamini.