Kumtafutia Aabo Mahali pa Hema

Jumanne, 26 Juni 2018

Zamu ya asubuhi tena kiwandani. Nimerudisha trei kumi na moja za mikate. Meneja kanuna. Na anune. Nimeajiriwa kukagua, nami nakagua.

Nimefika nyumbani saa tisa. Aabo yuko pale pale nilipomwacha, kwenye kiti cha roshani, anatazama magari yaliyoegeshwa chini. Ghorofa ya tatu, Stechford, treni zinapita. Ni miaka minne sasa tangu nimlete baba yangu Birmingham, baada ya Hooyo, mama yetu, kufariki Garissa. Mwanamume aliyeswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Garissa hadi Nairobi, akilala nao porini. Sasa anahesabu magari ya watu.

Leo kanionyesha simu yake. Kaka yangu Mahad, aliye Minneapolis, kamkatia tiketi ya Kenya. Tarehe 2 Septemba, kwenda tu, hakuna kurudi. Hawakuniuliza. Garissa hana wa kumpikia wala wa kumkumbusha dawa za presha. Nikamuuliza amekosa nini kwangu. Akafikiri kwanza, maana Aabo hasemi ovyo.

"Nyumba yako mzuri, Shukri. Lakini haina nje."

Nimelia bafuni. Kisha nimeosha uso. Haina nje? Basi nitamtafutia nje. Nina wiki tisa.

Jumatano, 27 Juni

Nimeamua. Hema. Mahali karibu na mji, ili presha ikipanda nimfikishe hospitali haraka. Alale chini, aote moto, asikie upepo. Akishajua kwamba Uingereza pia ina nje, tiketi ataisahau.

Nimeandika masharti: moto uruhusiwe. Mfereji uwe karibu, kwa udhu. Vyoo visafi. Pasiwe na baa. Mbwa wafungwe. Pasiwe na kilima cha kumchosha.

Nikikagua mikate ya watu nisiowajua, nitashindwaje kumkagulia baba yangu uwanja?

Jumapili, 1 Julai

Uwanja wa kwanza. Kusini, ukishapita Longbridge. Nimeenda na Hodan, binti yangu, ana miaka kumi na mitano na simu haimtoki mkononi.

Si uwanja, ni mtaa. Karavani zimepangwa mistari, kila moja na namba yake, na maua ya plastiki mlangoni. Chini kokoto. Katikati baa, na Jumapili asubuhi tayari mtu anaimba humo, vibaya. Moto marufuku kabisa. Nikauliza, basi watu hufanya nini hapa? Kijana wa mapokezi akasema wana televisheni.

Aabo ana televisheni. Nimekataa.

Alhamisi, 5 Julai

Nimepiga simu sehemu nne wakati wa mapumziko kazini. Mbili zimejaa. Moja haipokei mahema, karavani tu. Ya nne mama mmoja aliniuliza nakuja na mbwa wangapi. Nikamwambia sina mbwa. Alisikitika kwa dhati, kana kwamba nimefiwa.

Joto kali. Hakujanyesha wiki kadhaa. Nyasi za bustani zimekuwa kahawia kama za kwetu. Blessing, ninayefanya naye kazi mstari mmoja, anasema nisubiri mvua. Siwezi kusubiri. Septemba hainisubiri mimi.

Jumamosi, 7 Julai

Uingereza inacheza mpira leo, barabara tupu. Nimeendesha hadi upande wa Kinver bila kusimama hata mara moja. Uwanja mzuri, jamani. Miti, kivuli, kimya. Vyoo nimepitisha kidole chini ya sinki: safi. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi.

Kisha nikauliza mfereji. Uko bondeni. Nimehesabu hatua mia mbili na kumi, na kurudi ni kupanda. Mara tano kwa siku, mzee wa miaka sabini na saba, na magoti yale. Hapana.

Hodan kachoka nami. "Mum, it's a field. Just pick a field." Nikamwambia shamba si shamba tu. Akavaa vile vidude vyake vya masikioni. Tumerudi huku kila nyumba inapiga kelele za goli.

Jumatano, 11 Julai

Aabo ameanza kufunga mizigo. Wiki saba kabla! Amempa mzee wa msikitini koti lake la baridi. La baridi, lile nililomnunulia mimi. Mtu anayegawa koti hafikirii kuuona Desemba hapa.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Hodan anasikia Kiswahili, kukisoma hawezi.

Jioni nimemkuta Aabo jikoni anachemsha maji. Nimemnyang'anya birika. Si kwa ubaya. Mzee hapiki nyumbani kwangu nikiwa hai. Hafagii, habebi, hata kikombe chake hakioshi. Msikitini wote wanajua jinsi ninavyomtunza. Wanaume wengine huwaambia binti zao, mwangalieni Shukri. Ana kazi moja tu kwangu, kupumzika, na sasa kachoka kupumzika. Hasira zimenipanda hadi nimeunguza wali.

Jumapili, 15 Julai

NIMEPATA.

Shamba la kondoo, nyuma ya vilima vya Clent. Nusu saa na ushee kutoka nyumbani. Nafasi kumi tu za mahema, tambarare. Mfereji hatua kumi na nane. Vyoo viwili, vya zamani lakini vinang'aa. Hakuna baa. Mbwa mmoja, mzee, kafungwa. Kwa sababu ya ukame moto hauruhusiwi chini, lakini kuna mabeseni ya chuma yenye miguu, unawasha humo. Nimetafuta kibla kwa simu: uso unaelekea malisho, hakuna kitu mbele ila kondoo.

Mwenyewe ni mama aitwaye Jean. Mjane, miaka sabini hivi, viatu vya mpira katika joto hili. Haongei sana. Nilipopitisha kidole chini ya sinki akaniona. Nikadhani atakasirika. Akasema yeye pia hufanya hivyo akienda kwa watu.

Kanuni yake moja kubwa, amenionyesha kwenye ubao: watu sita kwa nafasi, si zaidi. Nimeandikisha watatu: mimi, Aabo, Hodan. Jumamosi tarehe 4 Agosti, kulala mara moja.

Nimeimba njia nzima. Hodan amenirekodi ili anicheke.

Jumanne, 24 Julai

Nimemwambia Aabo. Akasema, "Hema? Mimi?" Akacheka kidogo. Sikumbuki mara ya mwisho alipocheka. Kisha akauliza kama tutarudi mapema, kwa sababu ana safari ya kujiandalia. Kicheko kikaishia hapo.

Ijumaa, 3 Agosti

Kila kitu kiko kwenye gari. Hema la kuazima, mikeka, blanketi, kiti cha kukunja cha Aabo, dawa zake. Nimepanga atakavyokaa: kiti chini ya mti, chai mkononi, asinyanyuke hata kidogo. Mimi na Hodan tutafanya yote.

Nimeandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba kesho nampeleka mzee kulala nje, watuombee dua. Nimeweka na ramani, wajue tuliko kukitokea dharura. Wote wamejibu. Insha'Allah, Insha'Allah, Insha'Allah. Moyo umetulia. Watu wetu wana mapenzi.

Jumapili, 5 Agosti

Mjinga ni mimi.

Unaweza kuishi Uingereza miaka kumi na nane, na bado ukasahau kwamba kuwaambia jamaa mzee yuko mahali fulani ni kuwaita. Hakuna Msomali anayeombewa dua kwa mbali kama kuna barabara.

Tulifika saa nne asubuhi. Hema tukasimamisha, likaanguka, tukasimamisha tena. Aabo kwenye kiti. Kila aliponyanyuka kushika kamba nilimrudisha akae. Saa saba gari la kwanza likaingia, binamu yangu na watoto wake sita. Nikafurahi. Kisha la pili. Kisha Leicester nzima. Magari tisa. Masufuria ya wali, mbuzi aliyekwisha pikwa, mazulia, mama mmoja na cherehani yake, Mungu ndiye anayejua kwa nini. Watoto wakatawanyika shambani. Nilihesabu watu thelathini na wanne kisha nikaacha.

Jean akashuka kutoka nyumbani kwake, polepole. Akasoma ubao wake mwenyewe kwa sauti. Sita. Akasema ana wageni wengine waliokuja kwa ajili ya utulivu, na kama hawa hawajaondoka katika saa moja, tutaondoka wote, hata mimi na mzee. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alikuwa na haki, na mimi ningefanya vivyo hivyo.

Sijawahi kumwambia mgeni aondoke. Mama yangu hakuwahi. Ni aibu isiyofutika, watakusimulia hadi harusi za wajukuu. Lakini nikamfikiria Aabo akirudishwa kwenye roshani ile siku ile ile, na tiketi mkononi. Nikapanda juu ya boksi la barafu. Nikasema. Samahani, kosa ni langu, nawapenda, pakieni vyombo. Shangazi mmoja alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. Nikasema tena, kwa sauti zaidi.

Shangazi akasema vizuri, atamuaga mzee kwanza. Tukageuka. Kiti kitupu.

Nilikimbia hadi mferejini, vyooni, barabarani. Hodan ndiye aliyemwona. Aabo alikuwa ndani ya malisho, upande wa pili wa ua, na kondoo wa Jean ameketishwa kitako baina ya magoti yake, miguu minne hewani, katulia kabisa. Magoti yale yale. Alikuwa amechomoa kisu cha kukatia matunda kutoka kwenye kapu letu.

Jean alipita mbele yangu anakimbia, akipayuka sasa. Nikafikiri, kwisha. Polisi.

Alipofika akasimama ghafla. Aabo hakumtazama. Alinyanyua mguu wa kondoo, akabonyeza kwato kwa kidole gumba, usaha ukatoka. Jipu. Harufu yake nimeisikia nikiwa bado nje ya ua. Jean akapiga magoti, akashika kichwa cha kondoo, akatoa mfukoni kisu chake mwenyewe cha kwato na kumpa. Aabo akakijaribu kwenye ukucha.

"Kisu yako butu," akamwambia, kwa Kiswahili, kana kwamba wako soko la mifugo.

Jean akamtazama Hodan. Hodan akasema, "He says your knife's rubbish."

Jean akacheka hadi akakohoa. Alisema amekuwa akimwona yule kondoo akichechemea tangu Alhamisi, lakini mikono yake ina baridi yabisi na hawezi tena kumgeuza peke yake.

Wakakagua kondoo kumi na mmoja. Hodan akatafsiri mwanzo, kisha hakukuwa na haja. Nilitaka kumwambia Aabo apumzike. Nikaacha. Ukaguzi naujua nikiuona.

Jean aliwaruhusu jamaa kula hadi saa kumi na mbili jioni. Ilipofika dakika ile Aabo akapiga makofi mawili, na watu ambao mimi nilishindwa kuwahamisha wakapakia masufuria, na cherehani. Akaswali akielekea malisho. Akalala chini, nje ya hema, mkono chini ya shavu, na alikoroma.

Jumatatu, 6 Agosti

Kazini. Mgongo unaniuma. Shangazi amenitoa kwenye kundi la ukoo, kisha kanirudisha, kisha kanitoa tena.

Aabo hajasema lolote kuhusu safari. Begi liko palepale mlangoni, limefungwa. Nami siulizi. Kama ataondoka, ataondoka akiwa amelala vizuri usiku mmoja. Najiambia hivyo na siamini.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimerudi saa tisa. Aabo yuko kwenye simu na Mahad, sauti juu kama wazee wote wa Garissa. Nimesimama ukumbini na mfuko wa vitunguu.

Anamwambia aihamishe tiketi. Hadi Aprili. Kondoo wa yule mama watazaa mwezi wa tatu, na mikono yake mbaya, na hana mtu. Mahad anabisha, nasikia. Aabo akamkata.

"Haiwezekani sasa, bwana. Niko na kazi huku."

Nimeingia jikoni. Nimeona wivu, nakiri. Miaka minne nimempikia, nimemfulia, nimemuombea abaki, na kilichombakisha ni kondoo aliyekuwa akichechemea. Nimekata vitunguu vyote, hata tusivyohitaji.

Aprili si milele. Ni Aprili.

Baadaye amekuja mlangoni. Kasema mwambie yule mama kwato zile ziangaliwe tena Jumamosi, wiki ikitimia, lazima. Kisha akasubiri, kofia mkononi, kama mtu anayeomba lifti.

Jumamosi niko kazini. Nimempigia Blessing, tumebadilishana zamu.