Sindano au Kisu

Beirut, msimu wa zeituni

Wifi yangu mpenzi Ibtisam,

Mimi mzima, ingawa umeme huku unakuja na kuondoka kama mgeni asiyengoja hata kahawa ipoe. Mafuta ya zeituni za mlimani ni makali mwaka huu, nimekuwekea dumu.

Juzi Yara, binti wa jirani, alinitania: "Shangazi, macho yako yamefunga duka! Nenda kwa daktari, mji mzima unakwenda."

Nikaenda. Nikueleze kama nilivyozoea darasani: uzeeni ngozi ya juu ya jicho hulegea, ikaangukia kope kama pazia. Sindano huinua nyusi kidogo tu, na nguvu yake huisha baada ya miezi michache. Kisu huiondoa ngozi yenyewe, na kazi yake hudumu miaka mingi.

"Kope zako ni za kisu, mama," daktari alisema. "Lakini wewe unataka kazi idumu hadi lini?"

Tangu mume wangu, kaka yako Munir, ashushwe garini kwenye kizuizi cha barabarani wakati wa vita na asionekane tena, sijahama nyumba wala kubadili rangi ya nywele, ili akirudi anitambue. Macho tu ndiyo yamenisaliti. Na kisu, wifi, ni cha mtu anayeamini kwamba anayemngoja bado atarudi.

Nimechagua sindano. Usinikasirikie. Lakini jina la Munir sijalibandua kwenye kengele ya mlango.

Wifi yako,
Najla