Shekhe Kakataa Darasa la Wasichana

Matrah, Ijumaa, 1970. Baada ya alasiri.

Joto leo halina huruma. Majabali nyuma ya nyumba yanatutemea moto yalioumeza tangu asubuhi, nami siwezi kukaa pahala pamoja. Nimefagia ukumbi mara mbili.

Mume wangu ndiye imamu wa msikiti wa mtaa huu. Dirisha letu la jikoni linatazamana na ukuta wa msikiti, na baada ya sala ya Ijumaa nilisimama hapo, sufuria mkononi, nikisikiliza. Wanaume walibaki kuamua: kodi ya maduka mawili ya wakfu ifungue darasa la wasichana, au itengeneze birika la kutawadhia? Wavulana wana shule tayari.

Kabla hawajanyanyua mikono, Shekhe, mume wangu, alisimama. Akasema kitabu chake cha fiqhi kimeandika kwamba mtoto wa kike elimu yake ya kwanza ni nyumbani kwao.

Kweli kimeandika. Nnajua, kwa sababu ni mimi niliyemsomea.

Macho yake yameingia ukungu tangu mwaka wa pili wa kuja kwetu kutoka Unguja. Kila alasiri mimi husoma, yeye husikiliza. Na chini ya ukurasa ule ule mwandishi anaendelea: asipopatikana wa kumfundisha nyumbani, ni wajibu wa watu wa mji kumtafutia mwalimu. Hiyo Shekhe hakuisema.

Mikono haina sauti. Sikujua imenyanyuliwa mingapi mpaka mtu akasema, "Birika, basi."

Aliporudi nilimuuliza hata hajavua kilemba.

"Shekhe, mbona umewasomea nusu?"

Akakaa kitako taratibu. "Mama Nasra, nyumba hii ya nani?"

"Ya wakfu."

"Na nani katuweka? Wazee wa msikiti walikuja jana. Wamenambia nikisema vyengine, watatafuta imamu mwengine. Tuhame tena, twende wapi?"

Na hapa niandike jambo la aibu, maana nisipoliandika litaniwasha: nilishusha pumzi. Nilifurahi kuwa nyumba imebaki.

Kisha nikajichukia.

Wakati wa kusoma ulipofika nilimwambia leo siwezi. Kakaa barazani, kitabu kakisogeza mpaka kinakaribia kumgusa pua, na ukurasa haugeuki. Namuonea huruma, na bado nna hasira naye.

Haukupita muda, jirani yetu Bi Zuwena akapiga hodi mlango wa uani, kamshika mkono binti yake Rayya, wa miaka minane.

"Ile rai ya darasa imepita?"

"Haikupita, shoga yangu."

Akatazama chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini wewe si ulikuwa ukifundisha kule Unguja?"

Nilikuwa nikifundisha. Tangu tuje hapa hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nikamwambia amlete Rayya kesho asubuhi, hapa ukumbini. Na kama kuna wengine, aje nao. Maneno yalinitoka kabla sijayafikiri, na Bi Zuwena akaondoka upesi, kama anayechelea nisije nikayarudisha.

Sasa nazunguka na kalamu. Wazee watajua kabla wiki haijesha, na huenda tukafungasha tena. Shekhe yupo hatua kumi kutoka hapa, na sijamwambia.

Nimwambie leo, apate kunikataza? Au nimwache azisikie mwenyewe kesho, sauti za watoto ndani ya nyumba yake?