Mafuta Uliyompaka Yusra

Mama, shikamoo.

Hapa hospitali Korogwe, mjukuu wako Yusra sasa hivi kapulizia supu yangu, vitone vya mafuta vikashikana, akacheka. Yeye haruhusiwi kula kabla ya upasuaji.

Usijilaumu kwa mafuta ya kondoo uliyompaka alipoungua mguu. Handeni wote tunapaka. Kidonda kimeoza, Mama, mguu unakatwa leo. Nilimuuliza daktari kama hakuna dawa. Akasema wataalamu wanatengeneza vifuko vidogo mno vya mafuta, vinashikana vyenyewe na kujijenga kama nyama ya mwili, ila bado wanavijaribu maabarani.

Yusra anauliza kama bado utamnunulia viatu vya Idi. Nimemwambia ndiyo, vyote viwili, maana vifuko hivyo siku moja vitafika hata Korogwe, na... Nesi anaita, "Mama Yusra, mlete mtoto," ngoja ni