Ulimi wa Kuazima

Jumapili, 6 Machi 2011
Zamu ya mchana tena mkahawani, huku ughaibuni. Glasi, vitambaa vya meza, visu. Wiki ya pili tangu nitolewe kwenye kuosha vyombo. Leo Bi Joy, Mfilipino, mkuu wetu wa wahudumu, ametangaza wiki ya vyakula vya Italia. Divai nyekundu zenye povu. Alhamisi kila mhudumu azionje na kuzieleza. Atakayeshindwa, jikoni kuosha vyombo.
Mimi ni mlevi niliyeacha. Funda moja linatosha kunirudisha. Naogopa.

Jumatatu, 7 Machi
Atieno, mhudumu na Mkenya mwenzangu, alifungua Lambrusco, mojawapo ya divai hizo, iliyokaa nje ya friji. Povu likaruka hadi kwenye kola yangu. Kumbe nyekundu hii hunywewa baridi. Nilinuka kama kilabu cha pombe ya busaa. Mate yalinijaa. Nilijichukia.

Jumanne, 8 Machi
Atieno: "Si uonje tu alafu uteme, bana? Wote wanatema."
Yeye anajua kutema. Mimi najua kumeza. Nekesa, mke wangu, alinirudia kwa sharti moja, nisiguse pombe tena. Na mshahara wa jikoni hautoshi.

Jumatano, 9 Machi
Nimemwambia Bi Joy waziwazi. Nilikuwa mlevi, sitaonja. Akasema macho na pua ninavyo, ulimi niazime kwa mwenzangu. Nusura nilie. Mficha uchi hazai.

Alhamisi, 10 Machi
Atieno alionja, mimi nikanusa. Lambrusco ziko aina tatu. Sorbara: rangi ya waridi, kali kama ukwaju. Grasparossa: nyeusi tititi, inakausha mdomo. Atieno akaifananisha na chai isiyo na maziwa: "Hii ni ka strungi imechemka ikasahaulika!" Salamino iko katikati. Kwenye lebo, secco ni kavu, haina sukari, amabile ina utamu kiasi, dolce sukari tupu. Brachetto si Lambrusco. Tamu, inanukia maua, ya kunywewa na keki.
Nikazieleza zote. Bi Joy akatikisa kichwa kukubali. Nimebaki! Mwili wote mwepesi.

Ijumaa, 11 Machi
Kanisani; huku ibada ni Ijumaa. Nimeimba hadi sauti ikakauka.

Jumamosi, 12 Machi
Wageni waliagiza nyama yenye mafuta. Nikawapendekezea Grasparossa kavu. Waliifurahia, wakaacha nusu chupa. Nikaimwaga sinkini, nikafua kitambaa cha meza kilichonuka divai.
Baadaye nikampigia simu Nekesa, nyumbani. Nikamweleza kazi ninayofanya sasa, ya kuhudumia divai; kabla ya leo nilikuwa sijathubutu. Hakuuliza kama nimekunywa. Aliniuliza kama nimekula.